Msitu una thamani, lakini si ile ya tiketi

MGONJWA wa presha akitoka chumbani mwangu huwa na maagizo mawili: dawa, na kutembea kwa kasi angalau dakika 150 kila wiki, kama Shirika la Afya Duniani (WHO) linavyoshauri. Kuhusu dawa huniuliza bei. Kuhusu kutembea huniuliza, “Daktari, nitatembea wapi?” Barabara nyingi za Nairobi hazina njia ya miguu, na penye njia pana bodaboda.

Ndiyo maana nafuatilia wanauchumi wanaojaribu kukadiria kwa fedha faida ya mtu kupumzika msituni au bustanini. Baadhi ya wenzangu huona ni kufuru kupima mti kwa shilingi. Mimi sioni hivyo. Kisichoonekana kwenye hesabu ni rahisi kunyakuliwa. Msitu wa Karura ulinusurika chupuchupu, na Januari 1999 Profesa Wangari Maathai alipigwa na kujeruhiwa kichwani alipokwenda kupanda mti huko. Ploti ilikuwa na bei. Kivuli hakikuwa nayo.

Shida yangu ni namna ya kuhesabu. Mwaka wa 1947, mwanauchumi wa Marekani, Harold Hotelling, aliishauri idara ya mbuga za kitaifa nchini mwake itazame wageni wanatoka umbali gani na wanatumia kiasi gani kufika, kisha ikadirie thamani ya mbuga kutokana na gharama hiyo. Kwa mbuga ya mbali, hiyo ni hesabu nzuri. Ilete mjini uone. Aliyekuja kwa gari, akalipa langoni na kunywa kahawa, anahesabika sana. Mama mboga aliyekuja kwa miguu kutoka mtaa wa jirani karibu hahesabiki, hata kama sukari yake ndiyo iliyoshuka.

Mwaka wa 2019, Ralf Buckley wa Chuo Kikuu cha Griffith, Australia, na wenzake walianzia kwingine: afya ya akili ya wanaotembelea maeneo ya hifadhi. Walipata takriban dola trilioni 6 kwa mwaka duniani kote. Ni tarakimu kubwa mno kumsaidia afisa wa kaunti anayepanga bajeti, lakini angalau imemtazama mtu, si tiketi. Mwaka huohuo, utafiti uliohusisha watu karibu 20,000 Uingereza ulionyesha kuwa wanaotumia angalau dakika 120 kwa wiki penye miti na nyasi wana uwezekano mkubwa zaidi wa kusema wana afya njema. (Tahadhari ya daktari: huenda pia wenye afya ndio hutoka zaidi.)

Mimi ningeanzia kwenye figo. Kikao kimoja cha kusafisha damu kwa mashine hugharimu maelfu ya shilingi, na wengi huhitaji viwili kwa wiki. Wengi wao walianza na presha au kisukari, magonjwa ambayo kutembea husaidia kuyadhibiti. Kila mgonjwa asiyefika kwenye mashine hiyo ni fedha zilizookolewa, na sehemu yake iandikwe kwa jina la bustani.

Kwa miaka mingi, Mkenya mtu mzima alilipa Sh100 kuingia Karura. Ada hiyo ilisaidia kuulinda msitu, sikatai. Lakini nikimwagiza mtu wa kibarua aende mara tatu kwa wiki, hizo ni Sh1,200 kwa wiki nne. Anatozwa kwa kuipunguzia hospitali mzigo! Napendekeza mwenye kadi ya kliniki ya presha au kisukari aingie bure asubuhi za siku za kazi, na pengo lilipwe kutoka bajeti ya afya.

Kwa sasa, wagonjwa wangu kadhaa huzunguka uwanja wa shule ya msingi kila Jumapili, mlinzi akiwafungulia.