Mkulima, mara ya mwisho ulibadilisha lini oili ya difu?

Mvua zinapokatika na mpunga kuanza kuvunwa katika Bonde la Usangu, pikapu zote za wilaya ya Mbarali huingia kazini kwa mkupuo. Kuanzia alfajiri zinatoka mashambani kuelekea mashine za kukoboa za Ubaruku na Igurusi, zikiwa zimejaa kupita kiasi, kwenye barabara ambazo bado zina madimbwi. Ni katika kipindi hicho hicho ambapo gereji za Rujewa na Mbeya mjini hujaa magari yaliyofunguliwa difu.

Wamiliki wengi hulaumu barabara, wengine hulaumu dereva. Wachache sana hujiuliza swali lililo kichwani mwa makala haya.

Mkulima anayemiliki gari anajua oili ya injini. Inapungua, inabadilika rangi, taa inawaka kwenye dashibodi, na stika ya kilomita imebandikwa mlangoni. Lakini gari la fowili lina sehemu nyingine nne zenye oili yake: giaboksi, transfa (kile kisanduku kinachogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma), difu ya mbele na difu ya nyuma. Hizi hazina taa. Oili yake haiungui, kwa hiyo haipungui ila pale sili inapovuja. Ndiyo maana husahaulika miaka mitano, hata kumi. Magari yetu mengi yameingia nchini kama mitumba kutoka Japan, kitabu chake kimeandikwa Kijapani, na hakuna ajuaye mwenye gari wa kwanza alifanya nini.

Mwaka 2021 baba yangu mkubwa, ambaye ni mkulima wa mpunga, alipoteza difu ya nyuma katikati ya mavuno. Dereva alikuwa amesikia mlio kwa wiki mbili akadhani ni tairi. Difu ilipofunguliwa, kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, yaani oili iliyochanganyika na maji. Kilichoniuma zaidi ni kwamba miezi mitatu kabla ya hapo gereji moja ilimtoza fedha ya "sevisi kamili". Nati ya kujazia oili ya difu ilikuwa na kutu ya miaka, haijaguswa na spana.

Maji yale yaliingiaje? Difu ikifanya kazi hupata moto, na hewa ya ndani hutanuka. Ukiitumbukiza ghafla kwenye mto wenye maji baridi, hewa ile hujikunja na kuvuta kutoka nje. Kuna kitundu cha kupumulia juu ya ekseli kilichowekwa kwa ajili hiyo. Kikiziba kwa matope, difu huvuta maji kupitia kwenye sili. Kukisafisha kitundu hicho ni kazi ya dakika tano.

Tufanye hesabu, maana hii ni safu ya biashara. Tuseme pikapu yako inabeba gunia 10 za kilo 100, unalipwa shilingi 6,000 kwa gunia, na unakwenda safari mbili kwa siku. Hiyo ni shilingi 120,000. Gari likilala gereji siku 10 umekosa shilingi 1,200,000 kabla hujanunua hata beringi moja. (Sizungumzii lumbesa. Anayepakia lumbesa anamwibia mkulima na anaiua difu yake mwenyewe kwa wakati mmoja.) Oili ya sehemu zote nne, kwa pikapu nyingi za fowili, ni kiasi cha lita 8 hadi 12. Weka bei ya dukani kwako, kisha linganisha.

Na kazi yenyewe unaweza kuifanya nyumbani. Liendeshe gari kilomita 10 hivi ili oili ipate uvuguvugu na kulainika, lakini usiifungue ikiwa ya moto sana, itakuunguza. Liegeshe mahali tambarare, vuta hendibreki, weka mawe kwenye magurudumu. Pikapu nyingi zina nafasi ya kutosha kuingia chini bila jeki. Ukilazimika kulinyanyua, weka stendi imara pande zote nne ili likae sawa. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Sasa zingatia hili kuliko yote: fungua kwanza nati ya juu, ya kujazia, kabla hujagusa ile ya chini. Wapo waliomwaga oili yote, kisha wakakuta nati ya juu imeshikwa na kutu na haifunguki. Gari limebaki pale pale, halina oili na haliwezi kwenda kwa fundi. Nati za Toyota nyingi ni za spana namba 24. Za Land Rover za zamani hufunguliwa kwa mraba wa nusu inchi, kwa hiyo mpini wa soketi unaingia moja kwa moja. Piga brashi ya waya kwanza, na tumia soketi inayokaa sawasawa. Spana iliyochakaa itaimung'unya nati.

Ile ya chini ikifunguka, iangalie. Nyingi zina sumaku. Tope laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida, lifute. Vipande vya chuma au ncha ya jino la gia ni habari nyingine, hapo usijaze tu na kuondoka, mwite fundi. Kama unashuku maji, liache gari lilale usiku kucha, asubuhi ilegeze nati ya chini kidogo kabla ya kuliwasha. Maji hukaa chini ya oili, hivyo yatatangulia kutoka.

Kisha rudisha nati ya chini, jaza kwa pampu ya mkono au kwa mpira ulioungwa kwenye chupa, hadi oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la juu. Hicho ndicho kipimo chake. Funga. Difu ya mbele mnaisahau kwa sababu fowili hamuitumii kila siku, lakini nayo imezama kwenye maji yale yale.

Kuhusu aina ya oili, difu huhitaji oili nzito yenye alama ya GL-5, kwa kawaida 80W-90 au 85W-90. Giaboksi ya mkono nyingi hutaka GL-4, na dawa zilizomo kwenye baadhi ya oili za GL-5 zinaweza kula ringi za shaba za ndani. Baadhi ya Land Rover hutumia ATF kwenye giaboksi ya mkono, na difu zenye mfumo wa kuzuia gurudumu moja kuzunguka bure zina oili yake maalumu. Kwa hiyo "oili namba 90" inayopimwa kutoka kwenye pipa lisilo na jina si jibu la kutosha. Soma kopo. Giaboksi ya otomatiki mwachie fundi.

Kwa matumizi ya kawaida, kilomita 40,000 ni kipimo kinachotajwa na watengenezaji kwa magari mengi ya aina hii. Gari linalobeba mpunga na kuvuka mito si la matumizi ya kawaida, likate hesabu hiyo nusu. Ukivuka maji yaliyofunika ekseli, kagua wiki hiyo hiyo.

Kinachonishangaza ni kwamba vyama vya msingi vya ushirika vinanunua mbolea kwa pamoja na kujadili bei ya mpunga kwa pamoja, ila kila mwanachama mwenye pikapu ananunua oili lita moja moja kwa bei ya rejareja, mara nyingi bila kujua kama ni halisi. Pipa moja la lita 200 kutoka kwa msambazaji anayetoa risiti linahudumia magari yasiyopungua 16. Chama kikinunua pipa la GL-5, kikapanga Jumamosi moja kabla ya mavuno na kumwalika mwalimu wa ufundi magari kutoka VETA, wanachama na madereva wao watajifunza kazi hii chini ya gari lao wenyewe.

Chama hicho hicho kiweke pipa tupu la kukusanyia oili chafu. Hivi sasa inamwagwa kwenye mifereji ileile inayonywesha mpunga.