Upungufu wa Nguvu za Kiume: Ukimya Usivunje Ndoa



Yapo maradhi ambayo mgonjwa huyatangaza, akaletewa uji na kuombewa dua. Na yapo ambayo hata mke alalaye ubavuni haambiwi. Upungufu wa nguvu za kiume ni miongoni mwa haya ya pili.

Tuchukue mfano. Mume mwenye umri wa miaka 48 ameanza kuchelewa kurudi nyumbani, na akirudi husingizia uchovu. Amekuwa mkali, mchuzi ukizidi chumvi kidogo ni ugomvi. Mke, akiona miezi inapita bila kukaribiwa, anajiuliza kama hapendezi tena au kuna mwanamke mwingine. Hatimaye wanafika mbele ya wazee kuzungumzia talaka, na jambo lenyewe halijatajwa na yeyote kati yao. Huenda kipimo kidogo cha damu kingeonesha kuwa mume ana kisukari.

Kushindwa mara moja mbili kwa sababu ya uchovu au mawazo si ugonjwa. Tatizo ni hali inayojirudia kwa miezi. Tendo la ndoa huhitaji damu ya kutosha, mishipa ya fahamu iliyo salama, homoni na utulivu wa nafsi. Kisukari huharibu mishipa ya damu na ya fahamu kwa pamoja. Shinikizo la damu, mafuta mengi katika damu, unene na uvutaji wa sigara huibana mishipa ya damu. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za sonona huweza kuchangia. Lakini mgonjwa asiziache kwa uamuzi wake, bali amweleze daktari, kwani mara nyingi ipo dawa mbadala.

Jambo hili lina uzito zaidi ya faragha ya chumbani. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ni myembamba kuliko ile ya moyo, hivyo huanza kuziba mapema. Kwa wanaume wengi dalili hii hutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka kadhaa. Anayeificha huenda anaficha onyo ambalo lingeokoa maisha yake.

Zipo pia sababu za nafsi: madeni, huzuni, ugomvi, na hofu ya kushindwa tena. Mwanaume ambaye bado hupata nguvu alfajiri anapoamka, lakini hushindwa akiwa na mkewe, mara nyingi chanzo chake ni cha aina hii. Hata hivyo, nafsi na mwili huweza kuugua pamoja, kwa hiyo vipimo visiachwe.

Tahadhari iwe juu ya vidonge na unga unaouzwa mitaani kwa siri. Dawa kama sildenafil ikitumiwa pamoja na dawa za maumivu ya kifua za jamii ya naitreti huweza kushusha shinikizo la damu hadi kuua. Na baadhi ya unga unaoitwa wa mitishamba umekutwa umechanganywa na dawa hizo hizo bila mnunuzi kujua.

Dini yetu haikulifumbia macho suala hili. Wanazuoni wengi wa fiqhi wameeleza kwamba mume aliyeshindwa tangu mwanzo wa ndoa, mkewe akishitaki kwa kadhi, hupewa muhula wa mwaka mzima ili misimu yote ipite na hali yake ibainike. Haki ya mke imetambuliwa, na mume hakuhukumiwa kwa pupa. Ikiwa kadhi husubiri mwaka, vipi sisi tushindwe kusubiri majibu ya vipimo?

Ewe mume, mwambie mkeo kabla dhana haijamwambia, kisha nendeni pamoja hospitali mkapime sukari na shinikizo la damu. Ewe mke, usimkejeli, wala siri hii usiipeleke kwa mashoga. Qur'an imewafananisha wanandoa na vazi, na kazi ya vazi ni kusitiri. Kujitibu ni katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.), wala hakupunguzi uanaume wa mtu.

Allah azidumishe nyumba zetu katika mapenzi na huruma. Wabillahi tawfiq.