Magari yetu yana masikio, ila hakuna anayeyasemesha

Ukiwasha gari lililotoka Japani, hata hapa Galu, yule dada wa kwenye dashibodi anakwambia kwa Kijapani habari za kadi ya ETC, ya kulipia barabara za kwao, halafu kimya. Tunacheka. Lakini mengi ya magari hayo yana pia kipokezi cha VICS, huduma iliyoanza Japani 1996, inayorusha habari za foleni kwa redio hadi kwenye ramani ya gari. Huku kwetu kipokezi hicho hakisikii kitu.

Mwezi uliopita nilikuwa nampeleka shangazi kliniki Mombasa. Kwetu uamuzi ni Kibundani: ukate ushike Dongo Kundu, au unyooke Likoni kwenye feri. Ramani ya simu ikaonyesha njia nyeupe, tukanyooka. Tulikaa kwenye foleni mpaka zamu ya shangazi ikapita. Foleni nikiijua baada ya Kibundani inanisaidia nini?

Ramani hizi hukadiria kwa mwendo wa simu zilizo barabarani. Nashuku simu za Likoni zinaichanganya: bodaboda anapenya katikati ya magari, abiria ameshuka anatembea, dereva kazima injini.

Ulaya wanataka magari yaongee yenyewe kwa yenyewe. Kiwango cha redio, 802.11p, kilipitishwa 2010, na Volkswagen Golf ya 2019 ikaja na redio ya aina hiyo. Vizuri, ila tukingoja Golf hizo zifike Ukunda zikiwa mitumba, tutazeeka.

Jamani, matatu za Ukunda–Likoni zinapita kutwa! Kila moja itume mahali ilipo, inakoelekea, kasi na saa. Ni baiti chache tu, na namba ya gari haihitajiki. Tatu zikitambaa chini ya kilomita 10 kwa saa kwa dakika 5, hapo pana foleni.

Magari mengi ya biashara yana trakka tayari. Data inakwenda kwa mwenye gari na kuishia huko. Wenye matatu wanaogopa washindani na polisi, nawaelewa, lakini mimi ningeifanya sharti la leseni ya njia.

Nimeanza kuijaribu kwa simu za marafiki watatu wanaoendesha matatu. Tatizo ni steji: matatu inayongoja abiria haina tofauti na iliyokwama. Mpaka jana programu yangu ilikuwa imetangaza foleni kubwa mara mbili, zote steji ya Ukunda, makanga akiita watu.