Data Inashuka Malindi, Sisi Tumelala

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa, kazi za wateja zilinizidi. Leo sina somo la programu. Leo nina hasira kidogo, kwa hivyo nivumilieni.

Ilianza hivi. Tulikuwa tunakula chamcha kwenye kibanda karibu na ofisi, mimi na jamaa mmoja ninayeandika naye programu. Simu yangu ikalia. Akauliza, "Mteja gani tena?" Nikamwambia si mteja, ni mlipuko wa miali ya gama. Alicheka nusura apaliwe na githeri. "Wewe, hayo ni mambo ya Wazungu wenye pesa. Andika programu ya malipo, ulipwe, ulale." Meza nzima ikamuunga mkono.

Nasema hapa hadharani: jamaa yangu amekosea. Na wengi wetu tumekosea pamoja naye.

Kwanza tuelewane. Mlipuko wa miali ya gama hutokea nyota kubwa mno inapojiporomokea yenyewe, au nyota mbili za nyutroni zinapogongana. Miali yenyewe hudumu sehemu ya sekunde hadi dakika chache, na kwa kuwa hewa yetu huizuia, ni setilaiti zinazoiona. Lakini vitu vilivyorushwa na mlipuko ule hugonga gesi iliyo karibu na kuwaka kwa eksirei, kwa mwanga wa kawaida na kwa mawimbi ya redio. Huo ndio mwangaza wa baadaye. Ndani yake ndimo tunamopata umbali, aina ya gesi, na mara nyingine hata supanova iliyojificha.

Tatizo ni kwamba mwangaza huo hufifia haraka. Kwa makadirio ya jumla, muda ukiongezeka mara 10, mwanga hupungua hadi sehemu moja ya kumi au chini ya hapo. Yaani ulichokiona dakika ya 1, dakika ya 10 kimebaki kama makaa ya jiko lililosahauliwa. Kesho yake unahitaji darubini kubwa kuona kile ambacho jana kingeonekana kwa ndogo.

Umeliona jambo hilo, ndugu mwandishi wa programu? Swali la kwanza si "una kioo kikubwa kiasi gani?" Swali ni "ujumbe ulipofika, ulichukua sekunde ngapi kugeuza darubini?" Hilo ni swali letu sisi.

Sasa historia kidogo. Milipuko hii iligunduliwa mwaka wa 1967 na setilaiti za Vela, ambazo Marekani ilizirusha kulinda mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia angani. Habari zilichapishwa mwaka wa 1973. Kwa miaka 30 tangu ugunduzi, hakuna aliyejua kama milipuko iko karibu na nyumbani au upande wa pili wa ulimwengu, kwa sababu vyombo vya miali ya gama vilikuwa vibovu katika kuonyesha mahali. Ni kama kusikia mlio wa risasi mjini usijue ni mtaa gani.

Jibu lilianza kuja tarehe 28 Februari 1997. Setilaiti ya BeppoSAX, ya Waitaliano wakishirikiana na Waholanzi, ilinasa mlipuko na kamera zake za eksirei zikapunguza eneo la kutafutwa. Saa 21 hivi baadaye, darubini ya William Herschel kwenye kisiwa cha La Palma ilipiga picha. Machi 8 ikapigwa nyingine. Ukiziweka sambamba, kuna nukta moja iliyokuwapo ikatoweka. Huo ndio mwangaza wa baadaye wa kwanza kuonekana kwa mwanga wa kawaida. Mei mwaka huohuo, mlipuko mwingine uliopatikana kwa njia hiyo ulipimwa kwa darubini ya Keck huko Hawaii, ikathibitika kwamba uko mabilioni ya miaka ya nuru kutoka hapa. Ubishi wa miaka 30 ukazikwa.

Na je, data ya BeppoSAX ilikuwa ikishuka wapi duniani? Malindi! Setilaiti ile ilizunguka karibu na ikweta, na kila mzunguko ilimimina data yake kwenye kituo cha Waitaliano pale pwani yetu. Swift, iliyorushwa tarehe 20 Novemba 2004 mahsusi kwa kuwinda milipuko hii, nayo ilipangiwa kituo hichohicho. Tahadhari yake ya haraka hupitia setilaiti nyingine, lakini mzigo kamili wa data ulipewa Malindi.

Kila tarehe 12 Desemba kuna mtu hutukumbusha kwamba setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka majukwaa ya San Marco, baharini kule Ngomeni, siku kama hiyo mwaka wa 1970. Tunapiga vifua. Lakini mwenye uwanja si mchezaji. Tulitoa bahari, ikweta na jina. Swali langu kwa wanaopiga vifua ni moja: programu iliyosoma data ile iliandikwa na nani?

"Hatuna darubini," mtaniambia. Hebu tazameni tarehe 23 Januari 1999. Ujumbe wa mlipuko ulitumwa kwenye mtandao wa GCN, uliojengwa NASA. Kule Los Alamos, Marekani, kulikuwa na mtambo unaoitwa ROTSE-I. Msifikirie jumba lenye kuba kubwa. Zilikuwa lenzi nne za kamera za Canon, za milimita 200, zikiwa na vihisio vya kidijitali nyuma na kompyuta ikiziongoza. Hakuna aliyebonyeza kitufe. Sekunde 22 baada ya mlipuko kuanza, picha ya kwanza ilikuwa imeanza kupigwa. Mwanga ulipanda hadi daraja la karibu 9, kiasi cha kuonekana kwa darubini ya mkononi. Dakika 10 baadaye ulikuwa umepungua zaidi ya mara 100. Majitu yenye vioo vya mita 10 yalikosa kilichoonwa na lenzi za kamera, kwa sababu programu ilikuwa macho.

Waliofuata, ROTSE-III, walikuwa na vioo vya sentimita 45 katika nchi nne: Australia, Uturuki, Marekani na Namibia. Naam, Namibia.

"Lakini kwa nini Kenya?" Kwa sababu dunia ni mviringo. Tarehe 19 Machi 2008 ulitokea mlipuko ambao mwangaza wake ulifika daraja la 5.3. Mtu aliyesimama gizani angeweza kuuona kwa macho matupu, japo mwanga wake ulisafiri miaka bilioni 7.5. Kamera ndogo za mradi wa Kipolandi, Pi of the Sky, ziliunasa kutoka Chile. Kwetu ilikuwa saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, jua limeshapanda. Siwezi kudanganya kwamba tungeuona. Lakini ndiyo maana ya hoja yangu: kila saa ya siku anahitajika mtu ambaye kwake ni usiku. Nasi tulio ikwetani tuna usiku wa takriban saa 12 mwaka mzima, na tunaliona anga la kaskazini na la kusini. Ulaya, wakati wa kiangazi, usiku wao ni mfupi kama foleni ya benki Jumapili.

Nakubali mengine. Mawingu ya masika ni kweli. Stima hukatika. Kioo cha sentimita 40 na mtambo wa kukigeuza si bei ya simu. Tangu 2017 tuna Shirika la Anga za Juu la Kenya, na Taifa-1 ilirushwa mwaka wa 2023, kwa hivyo siwezi kusema serikali haijafanya lolote. Ila tusijifiche nyuma ya serikali. Ujumbe wa GCN ni bure. Unajiandikisha, unaupokea kwa Kafka au barua pepe, ni data ya kawaida tu. Ripoti za wanaanga zimewekwa wazi kwa yeyote kusoma. Kulinganisha picha mbili na kutafuta nukta inayofifia ni kazi ya Python, na picha za kufanyia mazoezi ziko wazi mtandaoni. Sehemu ngumu kuliko zote haidai kioo wala kuba. Inadai watu waliozoea kuandika programu isiyolala. Si ndio hao wanaoandika mifumo ya malipo?

Ile simu yangu kibandani ililia kwa sababu ya skripti ndogo niliyoandika. Inasikiliza GCN, inapiga hesabu kama mlipuko uko juu ya upeo wa Nairobi na kama kumeingia giza, kisha inaniandikia. Mchana huandika "jua". Lakini kuna usiku inaandika "juu, giza, anga safi". Natoka nje na jaketi, natazama upande ule, na sina cha kufanya. Kitu kilichosubiri mabilioni ya miaka kinafifia juu ya paa langu, hakuna anayekipiga picha hapa. Nimechoka na hilo.

Basi anayetaka tuanze, aniandikie. Nitatoa skripti bure. Atakayesema ni mambo ya Wazungu wenye pesa, na aje kwanza anionyeshe ni mstari upi wa programu hiyo uliomshinda.

Hadi wakati mwingine.