Filamu za serikali zilisifu vita, zikanyamazia ardhi ya askari

SERIKALI inayogharimia filamu za hali halisi wakati wa vita hailazimiki kusema uongo ili ipotoshe watazamaji; yatosha ichague cha kuonyesha. Mfano ulio karibu na Wakenya ni Kitengo cha Filamu za Makoloni, kilichoundwa na Uingereza mnamo 1939 Vita Vikuu vya Pili vilipozuka.

Dhamira yake ya kwanza haikufichwa: kuwashawishi Waafrika waunge mkono vita vya Mwingereza. Mojawapo ya filamu zake za awali, Mr English at Home ya 1940, ilionyesha siku moja ya familia ya Kiingereza, kana kwamba mwanakijiji angeipenda kiasi cha kuifia.

Mkuu wa kitengo hicho, William Sellers, aliyewahi kufanya kazi ya afya Nigeria, alishikilia kwamba Mwafrika wa mashambani hangemudu picha zinazobadilika upesi. Kwa hivyo filamu zilienda polepole, bila madoido. Dharau hiyo iliitwa utaalamu.

Magari ya sinema yalizipeleka vijijini, aghalabu zikiwa hazina sauti, na mkalimani akashika kipaza sauti kuzieleza kwa lugha ya wenyeji. Hapo ndipo udhibiti wa serikali ulipolegea. Picha zilikuwa zake, lakini maneno yalikuwa kinywani mwa mwingine, na afisa asiyejua lugha hiyo angejuaje lililosemwa?

Vita vilipokwisha mnamo 1945, mkazo ulihamia kwenye kilimo na usafi. Ni rahisi kumfunza mkulima kuzuia mmomonyoko wa udongo; ni vigumu kumweleza ni kwa nini amesongamana na wenzake kwenye mteremko ule. Askari wa King's African Rifles waliopigana Abisinia na Burma walirejea Kenya wakakuta mpango wa serikali wa kuwapa mashamba walowezi wapya wa Kizungu, baadhi yao wakiwa wanajeshi wa zamani. Waruhiu Itote, aliyekuwa Burma, aliingia msituni na kujulikana kama Jenerali China wa Mau Mau. Maisha kama yake hayangetoshea katika filamu ya aina hiyo.

Kitengo kilifungwa mnamo 1955. Mikanda mingi imehifadhiwa Uingereza, na mnamo 2010 ilizinduliwa kwenye intaneti orodha ya filamu zaidi ya 6,000 za enzi ya ukoloni, ingawa ni chache tu zilizoweza kutazamwa humo. Picha zimesalia. Maneno ya wakalimani hayamo.