Sehemu ya 5: Usiondoke na vidonge vya kuongeza damu tu

Jana tuliongelea upungufu wa damu wa kawaida. Leo natoa maoni yangu wazi: mama mjamzito au aliyejifungua akikutwa damu iko chini NA chembe sahani ziko chini, asirudishwe nyumbani na vidonge vya kuongeza damu peke yake.

Kwa nini? Chembe sahani ndizo zinaziba jeraha ukijikata. Zinanaswa na protini ndefu kama kamba. Mwili una kimeng'enya kinaitwa ADAMTS13, kazi yake kuikata kamba hiyo iwe fupi. Kwenye ugonjwa adimu uitwao TTP, kimeng'enya hicho karibu hakifanyi kazi. Mara nyingi kinga ya mwili yenyewe inakishambulia. Wachache wanazaliwa na tatizo. Kamba inabaki ndefu, chembe sahani zinanasa, mabonge madogo yanaziba mishipa midogo ya ubongo, moyo na figo. Seli nyekundu zikipita hapo zinakatika. Ndio maana mtu anapauka, macho yanakuwa ya njano, na wakati huohuo anatoka vidoa vyekundu kwenye ngozi, maana chembe sahani zimeishia kwenye mabonge.

Daktari Eli Moschcowitz wa New York aliueleza mwaka 1924, kwa msichana wa miaka 16. Bila tiba, karibu 9 kati ya 10 walifariki. Leo wakibadilishiwa plazima mapema, wengi wanapona. Na mimba inaweza kuuamsha.

Najua mtasema, "Nesi, si ni adimu, unatutisha bure." Kweli ni adimu, na chembe sahani kushuka kidogo kwenye mimba mara nyingi si shida. Lakini malaria kali, dengue na presha ya mimba nazo zinazishusha. Kwa hiyo swali hili halipotei bure: "Daktari, chembe sahani zangu ni ngapi?" Kwenye kipimo cha picha kamili ya damu, jibu liko kwenye karatasi hiyohiyo.

Na nyie akina baba na mama wakwe: mzazi akianza kuongea vitu visivyoeleweka, kichwa kinamuuma sana, mkojo umekuwa mweusi, msianze na mashetani. Hospitali kwanza, usiku huohuo.

Mtumie na dada yako. Sehemu ya 6: presha ya mimba.