Chanjo ya fangasi: ipo au haipo?

Mwezi huu tunaongelea jambo ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona: fangasi wa ukeni.

Chukua mfano huu. Mke yuko Kilwa Masoko, mume anafanya kazi Lindi mjini na hurudi wikiendi. Ijumaa anamkuta mwenzake anawashwa, na uchafu mweupe mzito kama maziwa ya mgando. Badala ya pole, linakuja swali: "Umetoka nje ya ndoa?" Mke naye anajibu: "Umeniletea wewe!" Nyumba inawaka moto, kumbe huenda hakuna aliyemletea mwenzake.

Jamani, fangasi hawa huishi mwilini mwa watu wengi bila kuleta shida. Huzidi pale ulinzi unapolegea: umemeza antibaiotiki, una mimba, una kisukari kisichodhibitiwa, au kinga imeshuka. Takriban wanawake 3 kati ya 4 huwapata angalau mara moja maishani. Hawahesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa.

Sasa je, kuna chanjo? Wapo wanaodhani ile sindano wanayochomwa wasichana shuleni ni ya fangasi. Siyo! Ile ni ya virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Binti yenu achanjwe, ila msitegemee imkinge na fangasi.

Chanjo ya fangasi iliyoidhinishwa kwa binadamu bado haipo. Marekani walijaribu moja, NDV-3A, kwa wanawake 188 waliosumbuliwa mara kwa mara, na majibu yakachapishwa 2018. Ilionekana salama, na walio chini ya miaka 40 ndio walioonyesha kunufaika. Basi. Kwa hiyo anayekuuzia "chanjo ya fangasi" leo anataka hela yako tu.

Ufanye nini? Nenda ukapimwe, iwe Sokoine pale Lindi au Kinyonga kule Kivinje. Uchafu wenye harufu ya samaki, kwa mfano, mara nyingi ni tatizo jingine na dawa yake ni nyingine. Vidonge vya kuweka ukeni vya clotrimazole husaidia sana, ila vinaweza kudhoofisha kondomu. Mjamzito asimeze fluconazole bila daktari. Usijioshe ndani kwa sabuni wala ndimu. Vaa chupi ya pamba, na ukitoka kuogelea baharini badilisha nguo mapema. Wakirudi mara 3 au zaidi kwa mwaka, pima sukari na VVU.

Na wewe kaka, kabla hujauliza nani kamleta nani, sema: "Mke wangu, twende hospitali." Neno hilo linalinda ndoa kuliko sindano yoyote.

Tukutane mwezi ujao!